Mtoto wa awali asiyefuata maagizo apimwe lugha, asichapwe

Mwaka wa fedha 2025/26 unafunga mipango miwili ya taifa iliyoahidi mengi kwa mtoto mdogo. Mmoja ni Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Dodoma Desemba 2021. Mwingine ni Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi. Yote miwili ilianza kuhesabiwa 2021/22. Mtoto aliyezaliwa mipango hiyo ikianza sasa amefikia umri wa kuandikishwa darasa la awali. Kama mtoto huyo ana tatizo la ukuaji wa lugha, ofisi za umma zimekuwa na miaka yote hiyo ya kumbaini, na hadi leo hakuna utaratibu unaomlazimu mtu yeyote kumpima lugha siku anapoandikishwa shule.

Anayezungumzwa hapa si kiziwi. Hana usonji wala ulemavu wa akili. Anacheza, anakimbia, anatumwa dukani na kurudi na kitu alichoonyeshwa kwa kidole. Lakini lugha yake haikui kama ya wenzake: maneno ni machache, sentensi ni fupi na zimevunjika, na anayoyaelewa ni pungufu ya watu wa nyumbani wanavyodhani. Mwaka 2017 jopo la kimataifa la wataalamu lililoongozwa na Profesa Dorothy Bishop wa Oxford lilikubaliana kuhusu jina na vigezo vya tatizo hili. Halipaswi tena kuwa jambo la kubahatisha.

Darasani mtoto huyu anaonekana hivi. Mwalimu anasema: “Chukueni madaftari yenu, fungueni penye picha ya ng’ombe, halafu mpake rangi ya kahawia.” Ni maagizo matatu kwa pumzi moja. Watoto tisini wamejaa mkekani, na darasa la jirani wanaimba. Mtoto anachukua daftari, anaishia hapo. Anamtazama mwenzake wa kulia ili aige; mwenzake akikosea, naye anakosea. Muda si muda anachezea kamba ya kiatu, au anamgusa aliye mbele yake. Mwalimu anaita jina lake kwa ukali. Baada ya wiki chache ameshapewa sifa yake: hasikilizi, mtukutu, ana kichwa kigumu. Sifa hiyo inamtangulia darasa la kwanza.

Sifa hiyo ni hukumu iliyotolewa bila ushahidi. Ushahidi uliopo unasema vingine.

Mwaka 2008 watafiti Tammie Spaulding, Elena Plante na Rebecca Vance walichapisha matokeo ya kupima usikivu wa makini wa watoto wa umri wa shule ya awali, wenye tatizo la lugha na wasio nalo. Watoto walitakiwa kumakinikia kitu kimoja kwa muda na kuvipuuza vingine: mara ni picha, mara ni sauti zisizo maneno, mara ni maneno. Kwenye picha, makundi hayo mawili yalikwenda sambamba. Kwenye sauti na maneno, mzigo wa kazi ulipoongezwa, watoto wenye tatizo la lugha waliachwa nyuma. Mzigo ulipopunguzwa, tofauti haikuonekana.

Matokeo hayo yanastahili kusomwa na kila mthibiti ubora wa shule. Mtoto yuleyule anayeitwa mtukutu aliweza kutulia na kumakinika kazi ilipopita machoni. Alishindwa pale kazi ilipopita masikioni, tena pale tu ilipozidi kiasi. Mtoto mtukutu kwa tabia hachagui mlango wa kupitishia utukutu wake.

Haki inadai kusema pia kwamba watafiti hawajakubaliana kwa kila kipengele. Mwaka 2009 Denise Finneran na wenzake walikuta watoto wa miaka minne hadi sita wenye tatizo hili wakikosea zaidi hata katika kazi ya kutazama. Mwaka 2011 Kerry Ebert na Kathryn Kohnert walikusanya tafiti nyingi pamoja, wakaona upungufu wa umakini katika njia zote mbili, kusikia na kuona. Wala haijathibitishwa kwamba umakini hafifu ndio unaozaa tatizo la lugha. Huenda ni kinyume, huenda vyote vina shina moja. Mabishano hayo ni ya maabara. Kwa mwalimu na mzazi, jambo ambalo halina mabishano linatosha: watoto wenye tatizo la lugha, kama kundi, hupata shida halisi ya kumakinikia maneno kwa muda mrefu, na mazingira yenye kelele na maagizo marefu huiongeza shida hiyo.

Sasa tazama mazingira ambayo taifa limemwandalia.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima. Mwaka 2016 ada zilipoondolewa, uandikishaji wa darasa la awali ulipanda ghafla kutoka takriban watoto milioni moja hadi karibu milioni moja na nusu. Ulikuwa uamuzi sahihi na gazeti hili halina nia ya kuurudisha nyuma. Lakini milango ilifunguliwa bila kuongeza walimu na vyumba kwa kasi ileile. Uwiano uliowekwa na serikali yenyewe ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Katika shule nyingi za umma mwalimu mmoja wa awali amekuwa na watoto zaidi ya mia. Mara nyingi chumba ni kile kilichobaki baada ya madarasa mengine kugawiwa, na mwalimu ni yule ambaye mwalimu mkuu hakuona pengine pa kumpanga.

Chumba cha namna hiyo ndicho mzigo mkubwa wa usikivu ambao watafiti waliutengeneza kwa makusudi ili kuona mtoto atashindwa wapi. Tofauti ni kwamba majaribio huisha baada ya dakika chache. Darasa la awali huendelea mwaka mzima. Mvua ikinyesha juu ya bati, hata mtoto mwenye lugha timamu hupoteza nusu ya kinachosemwa. Mwenye lugha dhaifu hupoteza kila kitu, kwa sababu mwenzake akikosa neno moja hulijaza kwa kubahatisha kutokana na mengine, ilhali yeye hana mengine ya kujazia.

Anapopoteza, anaadhibiwa. Hili ndilo lisilovumilika kuliko yote.

Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema kiboko ni kwa utovu mkubwa wa nidhamu, kinatolewa na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, idadi haizidi viboko vinne, na adhabu huandikwa kitabuni. Hata anayeamini katika kiboko hawezi kuonyesha mahali ambapo kanuni hizo zinaruhusu mtoto wa miaka mitano kuchapwa kwa kutofuata agizo ambalo hakulielewa. Fimbo inayoshikwa mkononi tangu asubuhi katika darasa la awali, ikigusa mgongo wa huyu na kiganja cha yule, haimo kitabuni na haimo katika kanuni. Mwalimu mkuu anayeiona na kupita anavunja kanuni pamoja na anayeishika. Mthibiti ubora anayekagua maandalio ya somo na kuondoka bila kuuliza kitabu cha adhabu hajafanya kazi aliyolipwa.

Adhabu ya namna hiyo pia haina faida yoyote. Mtoto aliyechapwa kwa kutosikiliza hujifunza kutulia, na kutulia si kuelewa. Ndiyo maana baadhi yao hawaonekani kabisa: wamekaa kimya nyuma, hawasumbui, hawaulizi, na mwalimu mwenye watoto mia anawashukuru kwa ukimya wao. Hao wako katika hatari kubwa zaidi kuliko wanaochezea viatu.

Ni wangapi? Takwimu za taifa haziwezi kujibu. Makundi ya ulemavu ambayo shule zimezoea kuyajaza ni yale yanayoonekana kwa macho au yenye jina linalofahamika: uoni, usikivu, viungo, akili, ualbino, usonji. Asiye na safu katika fomu hana nafasi katika bajeti. Nje ya nchi hesabu zimefanyika. Huko Iowa, Marekani, Bruce Tomblin na wenzake waliwapima watoto 7,218 wa chekechea na mwaka 1997 wakatangaza kwamba asilimia 7.4 wana tatizo hili. Huko Surrey, Uingereza, utafiti ulioongozwa na Courtenay Norbury na kuchapishwa 2016 ulipata asilimia 7.58 kwa watoto wanaoanza shule, mbali na wengine asilimia 2.34 ambao shida yao ya lugha iliambatana na hali nyingine. Ni wastani wa watoto wawili katika kila darasa la watoto 30.

Hesabu za Iowa na Surrey haziwezi kuhamishiwa Kahama au Mtwara hivihivi. Lakini hakuna sababu ya kudhani kwamba watoto wa hapa wamesamehewa. Ikiwa uwiano ni huohuo, darasa la awali lenye watoto mia lina watoto saba wa aina hii, na nchi nzima ina zaidi ya laki moja kila mwaka. Na ule utafiti wa Iowa ulibaini jambo jingine: ni asilimia 29 tu ya wazazi wa watoto hao waliokuwa wamewahi kuambiwa kwamba mtoto wao ana shida ya usemi au lugha. Kama nchi yenye wataalamu na vifaa iliwapita watoto saba kati ya kumi bila kuwaona, nchi isiyopima kabisa isijifariji.

Pengo linaanza kabla ya shule. Kliniki ya mama na mtoto ni moja ya huduma ambazo taifa limezijenga vizuri. Mtoto hupimwa uzito, hupewa chanjo, kadi hujazwa. Chanjo ya pili ya surua na rubela hutolewa akiwa na miezi 18. Baada ya hapo, akina mama wengi hawaoni sababu ya kurudi, na wanaorudi hurudi kwa ajili ya mizani. Hapo ndipo lugha inapopaswa kuchanua. Mtoto wa miaka miwili anatarajiwa kuunganisha maneno mawili: “baba kaja”, “maji hapa”. Asipofanya hivyo, mtu wa kwanza wa serikali atakayekutana naye kwa muda wa kutosha ni mwalimu wa awali, miaka mitatu baadaye. Miaka mitatu hiyo ndiyo yenye thamani kubwa kuliko yote inayofuata, na hakuna ofisi iliyokabidhiwa kuiangalia.

Nyumbani nako kuna maelezo yaliyozoeleka. “Ataongea tu, hata baba yake alichelewa.” Wapo wanaochelewa na kuwafikia wenzao bila msaada, hilo ni kweli, lakini hakuna mzazi anayeweza kujua kwa macho kama wake ni miongoni mwao. Wengine humpeleka mtoto kukatwa udata, kana kwamba lugha imefungwa chini ya ulimi. Udata unaweza kumsumbua mtoto kunyonya, lakini si chanzo cha mtoto kushindwa kuelewa maneno au kupanga sentensi. Wazazi wasilaumiwe kwa kutafuta jibu walikolipata. Walilikosa kliniki.

Tahadhari moja ni ya lazima, na atakayeipuuza atawaumiza watoto wengi zaidi ya atakaowasaidia. Mtoto aliyekulia Kisukuma, Kimaasai, Kigogo au Kihaya, akaingia darasa la Kiswahili na kukaa kimya, hana tatizo la lugha. Ana lugha moja nzima na anajifunza ya pili. Tatizo la kweli huonekana katika lugha ya nyumbani pia. Kwa hiyo swali la kwanza la mwalimu halipaswi kuwa “Anajua Kiswahili?” bali liwe kwa mama, bibi au dada: akiwa nyumbani, kwa lugha yenu, anasema na kuelewa kama ndugu zake walivyokuwa katika umri huo? Swali hilo halihitaji mashine wala daktari. Linahitaji mwalimu aliyefundishwa kuuliza na mzazi aliyeitwa shuleni kwa jambo jingine mbali na michango.

Vivyo hivyo, mtoto mdogo wa Kiswahili akisema “taka maji” badala ya “nataka maji”, si ugonjwa. Kamil Ud Deen, aliyechunguza watoto wanaokua na Kiswahili Nairobi, alionyesha kwamba kudondosha viambishi vya mwanzo wa kitenzi ni hatua ya kawaida ya kujifunza lugha hii. Wa kutiliwa shaka ni wa miaka mitano aliyebaki palepale. Vipimo vilivyotungwa kwa Kiingereza havijui lolote kuhusu viambishi hivyo, kwa hiyo kuvitafsiri neno kwa neno ni kujidanganya. Huko Kilifi, Kenya, Katie Alcock na wenzake walikwisha kuonyesha njia: walitengeneza orodha za maneno na ishara za mtoto mdogo kwa Kiswahili na Kigiriama, zinazojibiwa na mzazi hata kama hajui kusoma. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2015. Vyuo vikuu vya Tanzania, nchi inayojivunia Kiswahili kuliko nyingine yoyote, havina udhuru wa kutokuwa na kipimo cha taifa cha lugha ya mtoto wa miaka mitano.

Kwa nini haraka? Kwa sababu dirisha hili hufungwa mapema. Dorothy Bishop na Catherine Adams walifuatilia watoto waliokuwa na shida ya lugha wakiwa na miaka minne. Mwaka 1990 waliripoti kwamba wale ambao shida yao ilikuwa imekwisha walipofikisha miaka mitano na nusu walikuja kusoma vizuri. Wale ambao haikuwa imekwisha ndio waliobaki na matatizo. Huko Ottawa, Kanada, watoto wa miaka mitano waliopimwa mwaka 1982 wamefuatiliwa hadi utu uzima, na wengi wa waliokuwa na shida ya lugha waliendelea nayo. Hapa nchini, mtoto huyu atakutana na upimaji wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu akiwa darasa la pili. Atashindwa kusoma, na taarifa itaandika kwamba hajamudu kusoma. Haitaandika kwamba hakuwa na lugha ya kusomea. Kisha walimu wataagizwa kuongeza vipindi vya kusoma, ambavyo navyo hufundishwa kwa maneno.

Jawabu linalotajwa haraka ni wataalamu. Ni kweli wanahitajika. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kufundisha shahada ya tiba ya lugha na usemi mwaka 2008, cha kwanza katika ukanda huu. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili nacho kimeanzisha shahada ya usikivu na usemi. Wahitimu hao wasiachwe watafute ajira katika kliniki za kulipia Dar es Salaam pekee. Serikali iseme wazi ina nafasi ngapi za ajira kwa ajili yao, katika hospitali zipi za mikoa, na lini zitajazwa. Kufundisha mtaalamu kisha kutomwajiri ni kuuchezea muda wake na kodi ya mwananchi.

Lakini hata wakiajiriwa wote, hawatafika kila shule. Kazi kubwa itafanywa na walimu na wasaidizi wao, na inawezekana. Uingereza, baada ya janga la Uviko-19, ilizipa shule za umma programu ya lugha inayoendeshwa na wasaidizi wa walimu waliopewa mafunzo: watoto wa miaka minne na mitano katika vikundi vidogo, kwa wiki 20. Majaribio yalikuwa yameonyesha lugha ya watoto ikipanda. Tanzania nayo haianzi sifuri. Chini ya EQUIP-Tanzania, programu ya utayari wa shule iliwatumia walimu wasaidizi kutoka vijijini kufundisha kwa hadithi watoto ambao hawakupata awali. Kijana wa kijijini aliyemaliza kidato cha nne, akipewa mafunzo na posho inayolipwa kwa wakati, anaweza kukaa na watoto sita chini ya mwembe na kuzungumza nao juu ya picha moja kwa robo saa. Robo saa hiyo, kila siku, ni lugha zaidi ya anayoipata mtoto huyo kwa wiki nzima katika kundi la watoto mia.

Darasani penyewe mengi hayahitaji fedha. Mtoto aitwe jina kwanza, ageuke, ndipo aambiwe. Agizo moja kwa wakati, kwa sentensi fupi, kisha mwalimu angoje. Ratiba ya siku ichorwe kwa picha ukutani, kwa kuwa jicho la mtoto huyu mara nyingi humsaidia pale sikio linapozidiwa. Akae mbele, mbali na mlango. Asiulizwe “Umeelewa?”, maana atajibu ndiyo, aombwe aonyeshe. Mambo haya yanawafaa watoto wote, na kwa huyu mmoja ndiyo pekee yanayomwezesha kubaki katika somo.

Shule binafsi zisijione ziko nje ya shauri hili. Kumpokea mtoto wa miaka mitatu ambaye Kiswahili chake bado hakijasimama, kumketisha kwenye kiti na kumfundisha kwa Kiingereza tangu asubuhi, kisha kumwandikia mzazi kwamba mtoto “hatulii”, ni kumtwisha mzigo na kumlaumu kwa kuinama. Wizara inayosajili shule hizo ina wajibu wa kuuliza zinawafanyia nini watoto wanaoshindwa, zaidi ya kuwashauri wazazi wawahamishe.

Sasa wajibu ugawiwe kwa majina ya ofisi, kwa sababu jambo lililoachwa kwa “wadau wote” halina mwenyewe.

Wizara ya Afya iongeze swali la lugha katika kliniki ya miezi 24 na ya miaka mitatu, na ihakikishe kila mtoto anayeshukiwa anapimwa masikio kwanza. Sikio linalotoa usaha mara kwa mara linaweza kupunguza usikivu bila mtu kujua. Mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024 unalenga kuwa na wahudumu zaidi ya 137,000. Watu hao watabisha hodi katika nyumba ambazo mama ameacha kliniki. Kutowapa maswali matatu ya lugha ya mtoto kutakuwa uzembe wa wazi.

Wizara ya Elimu, pamoja na Taasisi ya Elimu Tanzania, itoe kipimo kifupi cha lugha cha kuingilia darasa la awali, kilichotungwa kwa Kiswahili na kujaribiwa kwa watoto wa mikoa yenye lugha nyingine za nyumbani. Iongeze tatizo la lugha katika fomu za takwimu. Kila mwalimu tarajali wa awali, na si wale wa elimu maalumu wa Chuo cha Patandi pekee, afundishwe kulitambua.

TAMISEMI ndiyo yenye shule na walimu, kwa hiyo ndiyo yenye sehemu kubwa ya lawama. Ichapishe, halmashauri kwa halmashauri, uwiano halisi wa walimu na watoto wa awali, na mkurugenzi ambaye darasa lake limevuka mara mbili ya uwiano uliowekwa aeleze kwa maandishi anafanya nini na lini atamaliza. Ikataze kwa waraka usio na utata kiboko cha aina yoyote katika darasa la awali, na wathibiti ubora waukague waraka huo kama wanavyokagua mahudhurio.

Hoja ya fedha itatolewa. Nchi ambayo tangu 2017 imeweza kuwapandikizia watoto viziwi vifaa vya usikivu Muhimbili, kazi ngumu na ya gharama kubwa inayostahili pongezi, haiwezi kudai kwamba imeshindwa kumuuliza mama maswali matatu na kumwondoa mtoto karibu na mlango. Kinachokosekana si fedha. Ni ofisa mmoja ambaye jambo hili likiharibika ataitwa kujieleza.

Rasimu za mipango itakayorithi hii miwili zitafika mezani. Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Elimu, Utamaduni na Michezo izisome ikitafuta mambo matatu: lugha ya mtoto imetajwa kama kitu cha kupimwa, ofisi inayowajibika imeandikwa, na tarehe imewekwa. Rasimu isiyo na yote matatu irudishwe wizarani, na fungu lake lisipitishwe.